SOMO: BARUA KWA SISI WENYEWE TULIPOKUWA NA MIAKA 13



Somo hili halikutoka katika kitabu. Lilitoka katika swali. Siku moja ya posho, baada ya kazi ya mikono, mwalimu alitukusanya sisi wa mwaka wa mwisho, akatugawia kila mmoja nusu ya karatasi, akasema: "Fikirini kwamba sasa hivi mtoto wa mwaka wa saba anaingia mlangoni pale, na mtoto yule ni wewe mwenyewe, vile ulivyokuwa siku ulipofika hapa. Ana miaka 13. Utamwambia nini? Usiandike jina lako."

Kwanza tulicheka. Mmoja akasema atamwambia mtoto yule anunue viatu vikubwa, kwa maana miguu itakua mbio kuliko mfuko wa baba. Kisha kicheko kikaisha, chumba kikanyamaza, tukawa tunasikia mawimbi tu kule chini. Tuliandika kwa muda mrefu.

Mwalimu alipotusomea zile karatasi tuliona jambo ambalo hatukulitazamia. Mmoja aliandika juu ya Kifaransa chake kibaya. Mwingine juu ya mwili wake. Mwingine juu ya bultini aliyoificha, mwingine juu ya minervali. Na karibu kila karatasi ilikuwa na neno hili, kwa namna moja ao ingine: "Nilifikiri ni mimi peke yangu."

Kumbe tulikuwa tumeketi pamoja miaka yote hii, bega kwa bega, kila mtu na siri yake, na siri ilikuwa moja! Ndiyo maana tumeombwa kuandika somo hili. Tunawaandikia ninyi wadogo wetu, lakini tunajiandikia na sisi pia. Neno letu kuu ni hili, mlishike mbele ya yote:

SI JAMBO LENYEWE LINALOMTOA MTOTO MASOMONI. MARA NYINGI NI HAYA ANAYOIFICHA.

Tutalieleza kipande kwa kipande.

1. JUU YA KUCHEKWA

Nyumbani tunasema Kiswahili, na wengi wetu Kitabwa ao Kiholoholo pamoja na wazee. Halafu tunaingia sekondere, na mambo yote ni kwa Kifaransa: hesabu kwa Kifaransa, jiografia kwa Kifaransa, hata kuomba ruhusa ya kutoka.

Mmoja wetu, mwezi wa kwanza, aliitwa kusoma mbele ya darasa. Alisema "le table" pahali pa "la table". Kosa dogo tu. Lakini darasa zima lilicheka, na kutoka siku ile wakamwita Letabli. Hata mpirani, hata kisimani: Letabli! Kwa miaka miwili hakuinua mkono tena. Si kwamba hakujua majibu. Aliyajua mengi. Aliyafunga mdomoni tu, na mwalimu akafikiri ni mtoto mzito.

Tukihesabu leo, kosa lile lilimpotezea nini? Pengine nusu ya alama. Na kule kunyamaza kulimpotezea nini? Miaka miwili ya maswali. Kosa linalosikika linasahihishwa siku ileile. Kosa linalofichwa mdomoni linakaa, linazaa mengine.

Tunataka kuwakumbusha habari ya kijana mmoja wa hapa kwetu. Mpala yetu si pahali pa jana. Kituo chake kilijengwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, kwa jina la lile shirika la mfalme Leopold II, katika nchi ya mtemi Mpala, pahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Mwaka 1885 kituo kilipewa Mapadri Weupe, nao wakaanza masomo. Karibu na mwaka 1900 kijana Mutabwa kutoka milima ya Marungu alikuwa anasoma hapa. Jina lake Stefano Kaoze.

Sisi ni Waprotestanti, naye alikuwa Mkatoliki. Lakini njia ya masomo aliyoipita ni ya watoto wote wa ziwa hili, na inafaa tumjue. Kijana huyu alijifunza Kifaransa na Kilatini wakati ambapo hakuna kaka mkubwa aliyemtangulia, wala yaya wa kumwambia, "Usiogope, hata mimi nilishindwa hapo." Mwaka 1910 na 1911 maandiko yake juu ya mawazo na tabia ya watu wetu yalipigwa chapa kwa Kifaransa katika gazeti "La Revue Congolaise", nayo yanahesabiwa kati ya maandiko ya kwanza kabisa ya Mkongo katika lugha ile. Mwaka 1917 akapewa upadri kule Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, karibu na Moba. Tangu enzi ya ufalme wa zamani wa Kongo, yeye ndiye Mkongo wa kwanza kupata kazi ile. Alikufa mwaka 1951.

Angalieni zile tarehe. Kati ya kijana aliyekuwa anajifunza kusoma Mpala na mtu mzima wa 1917 kuna miaka zaidi ya 15. Hakuna mtu anayefika kwa muhula mmoja. Wewe unayelia kwa sababu ya dikte ya mwezi wa kumi, unalia juu ya hatua ya kwanza ya safari ya siku nyingi. Tena wewe una bahati ambayo Kaoze hakuwa nayo: mbele yako kuna darasa zima la wakubwa waliopita palepale. Waulize.

2. JUU YA MWILI

Hapa tutasema wazi, kwa maana kutosema wazi ndiko kulikotutesa. Walimu watusamehe kama neno moja ni la nyumbani sana.

Wadogo wetu, mwili wenu haukuharibika. Unabadilika, na kila mwili una saa yake. Kwa wasichana mabadiliko huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya miaka 9 na 14. Mnaona tofauti ilivyo kubwa? Ndiyo maana katika darasa moja kuna mvulana mwenye ndevu na mwingine anayefanana na mdogo wake. Wote wawili ni wazima. Mmoja wetu alikuwa mfupi kuliko wote mpaka mwaka wa tisa wa masomo yake, akafikiri amerogwa. Leo anainama mlangoni.

Mvulana, sauti yako itavunjika. Utaanza wimbo kama baba na kuumaliza kama kuku. Itapita. Usiku utaota, na asubuhi utakuta nguo imelowa. Haiko ugonjwa, haiko dhambi uliyoitenda. Ni mwili unajifunza kazi yake. Vipele vya uso navyo si uchafu wala laana. Osha uso kwa maji safi na sabuni, usivikamue.

Msichana, damu ya kila mwezi si ugonjwa, wala si jambo la kukufungia ndani. Mara nyingi inaanza karibu na miaka 12, lakini kwa mwingine ni 10, kwa mwingine ni 15. Miaka miwili ya kwanza inaweza kukosa utaratibu: mwezi mmoja inakuja, mwezi mwingine haiji kwa wakati wake. Hesabu siku zako katika kaye, uzoee mwendo wa mwili wako. Kama maumivu yanakuzuia kusimama, ao damu inazidi wiki moja, ao umefika miaka 15 na haijaanza, mwambie mama, ao mwalimu wa kike, ao muuguzi wa kituo cha afya. Kumuuliza muuguzi si aibu. Ndiyo kazi yake.

Na wote, lazima mlale. Kijana wa umri wenu anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Sisi tulijidanganya na kutazama simu mpaka usiku wa manane, kisha tukasema hesabu ni ngumu. Haikuwa hesabu. Ilikuwa usingizi.

Jambo lingine la kuwatuliza: wenye elimu ya ubongo wanatufundisha kwamba ile sehemu ya mbele, inayopima hatari na kuzuia hasira, inakomaa polepole, mpaka mtu apite miaka 20 na zaidi. Basi ukijiona leo unacheka na kesho unalia bila sababu, usiseme, "Niko mtu mubaya." Wewe ni nyumba inayojengwa bado. Lakini msigeuze neno hili kuwa kisingizio. Nyumba inayojengwa bado inahitaji mtu wa kuilinda isibomolewe. Mkiwa na hasira ngojeni kidogo, na mkiwa na shaka ulizeni mtu mzima.

3. JUU YA BULTINI

Wengi wetu tulikuwa wa kwanza kule primere, katika vijiji vyetu. Tukafika hapa, tukakuta wa kwanza wa vijiji vyote wamekutana darasa moja. Lazima wengine wawe wa mwisho, si ndiyo?

Mmoja wetu alipata asilimia 38 muhula wa kwanza. Aliikunja bultini ndogo kama kidole, akaiingiza ndani ya godoro. Mama akauliza: "Bultini iko wapi?" Akajibu: "Mama, habayagawa." Wiki tatu alilala juu ya uongo ule, na anatuambia kwamba hakupata usingizi hata usiku mmoja. Kumbe Mama alikuwa ameikuta siku ya pili, alipokuwa anaanika godoro juani. Alingoja tu mtoto aseme mwenyewe.

Ninyi ni watoto wa ziwa, basi tuwaambie kwa mfano wa ziwa. Ndagala wanavuliwa usiku wenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikijaa, taa haivuti samaki vizuri, kwa hiyo wavuvi wengi hawatoki. Je, wanasema uvuvi umekufa? Wanauza mitumbwi? Hapana. Wanakaa pwani wanatengeneza nyavu, kwa sababu wanajua giza litarudi.

Muhula mbaya ni mbalamwezi yako. Si mwisho wa uvuvi, ni wakati wa nyavu. Chukua ile bultini, iweke mezani, tazama ni somo gani limetoboka. Mara nyingi si masomo yote. Ni mawili ao matatu. Yule wa 38 alikuta ni hesabu na Kifaransa ndizo zilizomwangusha. Akatafuta rafiki mmoja wa hesabu, wakafanya kila siku mazoezi mawili, si kumi, mawili tu. Muhula wa pili alipata 47, wa tatu 55. Hakuwa wa kwanza, na mpaka leo si wa kwanza. Lakini mwaka huu atakaa kwenye ekzeta pamoja na sisi.

4. JUU YA MINERVALI

Hapa tunagusa kidonda. Tangu mwaka 2019 primere ya serikali ni bure katika nchi yetu, na watoto wengi wameingia. Lakini sekondere inalipwa bado, na kila muhula kuna wanaorudishwa nyumbani.

Mmoja wetu, katika mwaka wa nane, alirudishwa. Baba yake ni mvuvi, na wiki ile wavu wake ulikuwa umepasuka. Mtoto akaona huruma, akaona na haya, asiseme neno. Kila asubuhi alivaa shati nyeupe na suruali ya bulu, akachukua kaye zake, akaenda kukaa nyuma ya mawe, pembeni ya mdomo wa Lufuko, mpaka saa ya kurudi. Alifanya vile siku 18. Mtu aliye pwani anafikiri ziwa halina macho. Anasahau kwamba baba yake yuko huko juu ya maji, na kutoka majini pwani yote inaonekana.

Jioni moja baba akauliza:

"Leo mulisoma nini?"

"Hesabu, papa."

"Na ndege wa kule ku mawe, nao wanasoma hesabu?"

Mtoto akainamisha kichwa. Alingoja fimbo. Fimbo haikuja. Baba akasema: "Sikia, mwanangu. Miye niko mutu ya kuvua. Wavu yangu ikipasuka, ninaitandika pa jua, watu wote waone tundu, njo wananisaidia kushona. Weye unaficha tundu. Nani atakushonea?"

Kesho yake walikuja pamoja shuleni, baba na kikapu cha ndagala wakavu begani. Wakaketi na wakubwa wa shule, wakapatana kulipa kidogo kidogo. Haikuwa rahisi. Mpaka leo familia ile inalipa kwa kuchelewa. Lakini siku 18 zile hazikuondolewa na umaskini, kwa maana umaskini ulikuwapo kabla na ulikuwapo baadaye. Ziliondolewa na kuficha.

Wazee walisema mficha ugonjwa, kilio kitamfunua. Basi mdogo wetu, ukirudishwa kwa minervali, sema nyumbani siku ileile. Muombe mzazi ao mlezi aje mwenyewe aonane na shule, kwa maana neno la mtu mzima linasikiwa mbio. Na wakati unangoja, usikae mikono mitupu. Omba kaye ya mwenzako kila jioni, nakili masomo. Na wewe mwenye kaye, usimnyime.

5. BENCHI LENYE NAFASI

Mpaka hapa tumewaeleza haya iliyotupata sisi. Sasa inapashwa tueleze haya tuliyompa mwingine. Tulijadiliana kama kipande hiki kiandikwe ao kiachwe. Tumekubaliana kiandikwe, bila jina.

Mwaka wa nane tulikuwa saba kwenye mabenchi mawili ya mbele. Mmoja alikuwa msichana mpole, mwenye akili sana ya hesabu. Yeye ndiye aliyetueleza sehemu kwa kukata muhogo: nusu, robo, sehemu ya nane. Siku moja mwalimu akamwita ubaoni. Alipoinuka, sketi yake ya bulu ilikuwa na doa nyuma. Yeye hakujua. Mvulana mmoja akapiga mluzi. Darasa likacheka. Wavulana walicheka kwa ujinga, na wasichana walicheka kwa woga, ili wasichekwe wao.

Aligeuka, akaelewa. Hakulia. Aliketi. Kengele ilipolia alingoja sisi wote tutoke, kisha akatoka wa mwisho, kaye ameishika nyuma ya sketi. Kesho yake hakuja. Baada ya Pasaka hakuja. Kisha tukasikia kwamba wamempeleka kwa ndugu upande wa Moba, na baadaye kwamba ameolewa. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18. Yeye alikuwa hajafika.

Hatukumfukuza. Hakuna mtu aliyemfukuza. Tulicheka tu.

Mwaka uliopita dada mmoja wa darasa letu alimkuta sokoni, mtoto mgongoni. Walisalimiana vizuri. Hakusema neno la siku ile. Aliuliza jambo moja tu: "Mulifika wapi mu hesabu?"

Tulipolisikia swali lile, hatukujua tuweke macho wapi. Kama barua inaweza kweli kurudi nyuma mpaka tulipokuwa na miaka 13, hii ndiyo tungaliituma ya kwanza: Usicheke. Ukiona doa, vua sweta yako, mfunge mwenzako kiunoni, na useme, "Twende pamoja." Ni maneno mawili tu.

Hatuwezi kuirudisha siku ile. Lakini kuna dada watatu wa mwaka wetu ambao tangu wakati ule wanaweka vitambaa safi, sabuni na sketi moja ya ziada katika sanduku, na mwalimu wa kike anashika ufunguo. Msichana hahitaji kueleza kitu. Anaomba ufunguo, inatosha. Tunaomba wadogo watakaobaki wasiache sanduku lile life.

6. MZEE WA KAREMA

Pengine kuna mmoja anayesoma hapa na kusema moyoni: "Ninyi mnasema mambo madogo. Yangu ni makubwa. Nilipoteza wazazi. Tulikimbia vita. Mwanzo wangu umekatika." Kwako wewe tuna habari moja, ya mtu wa ng'ambo ya ziwa letu.

Karibu na mwaka 1866, mbali sana na hapa, pembeni ya mto Niger katika nchi inayoitwa leo Mali, alizaliwa mtoto Adrien Atiman. Alipokuwa mtoto mdogo aliibwa na wauza watumwa, akapelekwa jangwani, akauzwa. Hakuwaona wazazi wake tena. Wamisionere wakamkomboa kwa mali, wakamsomesha, na kisha akatumwa kisiwa cha Malta kujifunza uganga wa kizungu. Mwaka 1889 alifika Karema, pwani ya Tanganyika, upande wa Tanzania ya leo. Akakaa pale akiganga watu mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hesabuni: ni miaka 67. Katika uzee wake aliandika mwenyewe habari za maisha yake, tangu ule utoto ulioibwa.

Hatusemi kuibwa kulikuwa kuzuri. Kulikuwa uovu, na uovu hauwi mwema kwa sababu mtu aliupona. Tunasema hivi: mtoto yule jangwani, usiku ule wa kwanza, hakuweza kujua kwamba mikono yake itafunga vidonda vya watu wa ziwa ambalo hakuwahi kusikia jina lake. Hofu yake ilikuwa ya haki, lakini hofu haikuwa nabii. Na hofu yako wewe, hata ikiwa na sababu, haijui kesho yako.

Kumbukeni pia kwamba Atiman hakujitoa mwenyewe jangwani. Alitolewa. Mtoto aliyeumizwa hapashwi kuachiwa ajiponye peke yake. Kama kuna mtu anayekupiga, anayekushika kwa nguvu, ao anayekutisha usiseme, hiyo haiko siri yako. Ni kosa la yule mtu. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Kama wa kwanza hasikii, mwambie wa pili. Kama wa pili hasikii, mwambie wa tatu.

7. NAMNA YA KUFANYA

Kwa kifupi, haya ndiyo tunayoyashauri:

Kwanza, chagua mtu mzima mmoja ambaye unaweza kumwambia ukweli, na umchague mbele ya taabu kufika.

Pili, sema jambo siku ileile. Siku moja ya haya ni nyepesi. Siku 18 ni mzigo wa gunia.

Tatu, gawa taabu vipande. Usiseme, "Sijui kitu." Sema, "Sijui sehemu," ao "Sijui dikte."

Ine, usicheke kosa la mwenzako. Kesho ni zamu yako.

Tano, hesabu waliokosa kuja. Kama benchi lina nafasi siku mbili, mtu aende nyumbani kwake kumsalimia. Sisi hatukuenda.

Tunawakumbusha kwamba hata mtume Paulo, mzee mwenye kazi nyingi, alikaa chini akamwandikia kijana Timoteo barua za kumtia moyo, asidharauliwe kwa sababu ya ujana wake. Kumbe kuandikiana barua za namna hii ni kazi ya zamani.

8. BARUA YENYEWE

Tulichukua zile nusu karatasi zote, tukafanya barua moja. Ni hii:

"Kwako wewe mdogo, unayeingia mlangoni leo na kaye mpya.

Sisi ni wewe. Tulifika. Hatukufika wote, na tutakuambia kwa nini.

Unafikiri watu wote wanakutazama. Hawakutazami. Kila mmoja anaogopa kwamba wewe unamtazama yeye.

Unafikiri Letabli litakuwa jina lako mpaka kaburini. Leo tunalitaja na kucheka, na mwenye jina anacheka kuliko sisi. Lakini inua mkono. Tafadhali, inua mkono.

Mama anajua juu ya godoro. Baba anakuona kutoka majini. Wanakungoja useme.

Yule dada anayekata muhogo kukufundisha sehemu, mtunze. Atainuka siku moja kwenda ubaoni. Siku ile uwe na sweta.

Hatuwezi kukuambia kwamba yote yatakuwa rahisi, maana hata sisi tunaogopa ekzeta, na baada ya ekzeta hatujui. Tunakuambia tu kwamba hauko peke yako. Ukitandika tundu pa jua, mikono itakuja.

Sisi, ndugu zako wakubwa."

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Je, kuna jambo ambalo ulifikiri ni lako peke yako, kisha ukakuta na wengine wanalo? (Si lazima kulitaja.)

2. Baba mvuvi alitaka kusema nini kwa mfano wa wavu? Tafuta mfano mwingine katika kazi ya wazazi wako.

3. Stefano Kaoze hakuwa na mkubwa wa kumuuliza. Wewe unao. Andika majina mawili.

4. Katika darasa lenu, ni nani hajaonekana wiki hii? Nani atakwenda kumsalimia, na siku gani?

Swali la ine lisijibiwe kwa kaye. Lijibiwe kwa miguu.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Mpala